Filamu za Zamani Sebuleni Kwetu: Kutoka Majestic ya Unguja hadi Singida Mjini



Wengi wenu mnatujua kwa mishono na bei za vitambaa, na mara kwa mara mnatuuliza, nyie mafundi mnapumzika lini? Jibu ni Jumamosi. Baada ya swala ya Isha tunafunika cherehani, tunachemsha chai ya tangawizi, tunakaanga karanga, na tunaweka filamu ya zamani. Tukisema ya zamani hatumaanishi ya mwaka juzi. Tunamaanisha zile ambazo waigizaji wake wengi wameshatangulia mbele ya haki, na nyingine hazina hata rangi.

Sisi ni ndugu watatu wa kike, tuna duka la ushonaji hapa Singida mjini. Baba ni Mnyaturu, dereva wa lori mstaafu. Mama ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, aliyeletwa huku na ndoa miaka ya themanini. Mazoea haya ya filamu ni ya Mama, na yeye aliyarithi kwa mama yake. Leo tunataka kueleza yalivyosafiri mpaka yakafika kwenye vumbi letu la alizeti na vitunguu, maana yana historia ndefu kuliko tulivyodhani. Tena kuna usiku mmoja filamu ya mwaka 1951 ilitusemea jambo ambalo nyumba nzima tulishindwa kulisema.

Tuanze huko kwenu. Wasichana wa leo wakipita Vuga na kuliona jengo la Majestic lilivyochakaa hawawezi kujua lilivyokuwa. Mahali hapo kwanza palikuwa na Royal, iliyojengwa mwaka 1921 kwa mchoro wa Sinclair, yule Mwingereza aliyechora majengo mengi ya serikali mjini. Royal iliungua, na katika miaka ya 1950 ikajengwa Majestic. Kulikuwa pia na Empire pale Darajani, Sultana, na Cine Afrique kule Malindi. Mji mdogo ule, na sinema zote hizo!

Marehemu Bibi wa Unguja alikuwa akisimulia maonyesho ya wanawake watupu. Wanawake walijifunika buibui zao, wakaongozana na mashoga, majirani na watoto wa kunyonya, wakaingia ukumbini ambamo hakuna mwanamume wa kuwatazama. Humo ndani buibui zinafunguliwa, kanga mpya zinaonekana, watu wanalia kwa sauti, wanamzomea mbaya wa filamu, wanajibizana na skrini. Kihindi hawakukijua, lakini hadithi waliijua vizuri kuliko wenye lugha yao, kwa kuwa mwenye kuelewa maneno mawili matatu alimweleza mwenzake na mwenzake akaongeza lake. Sikukuu za Idi ndiyo usiseme, kwenda sinema ilikuwa sehemu ya sikukuu kama vile nguo mpya.

Mama alikuta mwisho mwisho wa mambo hayo. Anachokumbuka sana yeye ni Bobby, ya mwaka 1973, ya Dimple Kapadia na Rishi Kapoor, na mafundi wa mjini waliokuwa wakiletewa vitambaa vya madoadoa. Serikali ya Mapinduzi wakati ule ilikataza sketi fupi na suruali pana za chini, kwa hiyo fundi alitakiwa kuiga gauni la kwenye sinema bila kuiga urefu wake. Mama anasema hapo ndipo alipoanza kupenda ushonaji, na sisi tukacheka kwamba kumbe duka letu limeanzia gizani ukumbini.

Kule visiwani mlikuwa pia na televisheni mapema. Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, na inatajwa kuwa ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Bara tulingoja. Serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa kwa nchi maskini, na mpaka mwaka 1994 hakukuwa na kituo chochote upande huu. Miaka ishirini hivi!

Sasa mfikirie msichana wa Ng'ambo anaolewa Singida. Bibi wa huku, mama yake Baba, sinema alizozijua ni zile za gari la serikali. Gari linafika kijijini, shuka jeupe linatundikwa, jenereta linanguruma, na watu wanaonyeshwa namna ya kuchimba choo na kulima kwa matuta. Alikuwa akituambia watoto walikwenda nyuma ya shuka kutafuta wale watu wamejificha wapi. Hapa tuseme jambo ambalo Baba alikataa kabisa kuliamini mpaka aliposomewa: mzee wetu Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, kabla ya siasa kumchukua alikuwa mwigizaji wa filamu za Kiswahili za wakati wa mkoloni. Moja inaitwa Muhogo Mchungu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baba alinyamaza kidogo, akasema, "Simba wa Vita? Kwenye sinema?" Akarudi kwenye redio yake.

Filamu za Mama zilimfuata huku kwa lori. Baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya themanini, enzi za Mzee Ruksa, vitu vya umeme vilianza kupita Unguja kwa wingi. Baba akipeleka vitunguu Dar es Salaam alivuka mara moja moja kuwasalimia wakwe, na safari moja alirudi na televisheni ya chogo na deki ya kanda. Sisi tulikuwa wadogo sana. Lakini hebu fikirieni, tulikuwa na televisheni kabla nchi haijawa na kituo. Ukiiwasha bila kanda unaona chenga tu. Kwa hiyo kwetu televisheni haikuwa taarifa ya habari wala matangazo. Ilikuwa kanda saba za Mama, nyingi za Kihindi, na moja ya Kizungu ya Baba, Hatari!, ile ya John Wayne iliyopigwa Arusha karibu na uhuru. Baba aliipenda kwa sababu ya magari tu.

Kanda saba ukiziangalia miaka mitano unazijua mpaka mahali zinapokwaruza. Majirani walikuja. Wanaume walikaa uani na mazungumzo yao, sebuleni wakajaa wanawake, Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, na Mama katikati akitafsiri Kihindi asichokijua kwa Kiswahili cha Unguja ambacho nusu ya waliokuwepo walikisikia kigumu. Hatukujua wakati ule kwamba tunaangalia onyesho la wanawake watupu. Mama alikuwa amelifungua upya, bila tiketi, kilomita mamia kutoka Malindi.

Mengine mnayajua kwa kuwa mliyaishi. ITV ikaanza 1994, ikachukua muda kutufikia. Vikaja vibanda umiza, ambako Lufufu alikuwa akisikika kwenye spika akitafsiri filamu za Kizungu na za Kichina kwa maneno yake mwenyewe, lakini mtoto wa kike huko haruhusiwi, na kweli hapakuwa pazuri. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, shule nzima ikaimba habari zake, halafu akaja marehemu Kanumba. Kwa watoto wetu Kanumba naye ameshakuwa wa zamani. Walipoambiwa amefariki Aprili 2012 waliuliza kama hiyo ni kabla ya vita. Vita gani, hatujui. Zikaja DVD moja yenye filamu kumi na mbili, picha mbovu na sauti ya mtu anayekohoa, kisha ving'amuzi, na sasa kijana wa jirani na stendi anakujazia flashi kwa bei ya soda.

Tuje kwenye namna tunavyoangalia, maana hilo nalo lina ugomvi wake.

Kwanza, kazi za mkono haziachwi. Jumamosi usiku ndiyo tunashonea vifungo, tunapinda pindo za magauni, tunatarizi kofia. Macho kwenye filamu, vidole vinajua njia. Pili, nyimbo hazirukwi. Mdogo wetu anayeshika rimoti amepigwa marufuku mara nyingi, na Mama ana hoja: ukiruka wimbo umeruka mahali ambapo msichana anasema ya moyoni, kwa sababu kwenye mazungumzo haruhusiwi kuyasema. Tatu, hatuangalii mwezi wa Ramadhani, na siku nyingine adhana ikilia tunasimamisha, hata kama bunduki imeshainuliwa. Watoto wamezoea. Na tunachagua filamu ambayo Baba akipita sebuleni hakuna wa kutafuta rimoti kwa haraka, jambo ambalo kwa filamu za siku hizi ni bahati nasibu.

Ugomvi mkubwa ni wa rangi. Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, iliyoongozwa na K. Asif, ilipigwa kwa zaidi ya miaka kumi, na sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe. Mwaka 2004 wakaitia rangi yote na kuirudisha sinema. Watoto wanataka hiyo ya rangi. Sisi mafundi tunakataa. Nguo za filamu ile zilishonwa na mafundi walioletwa kutoka Delhi, na nakshi za nyuzi zikafanywa na mafundi wa Surat. Kwenye nyeusi na nyeupe unaona uzito wa kitambaa, unaona mahali bitana ilipoanzia, unaona kivuli cha kila rinda. Ile ya rangi imepakwa juu kama poda. Ila kile kipande cha jumba la vioo, Madhubala anapocheza mbele ya mfalme, kilipigwa kwa rangi tangu mwanzo, na hapo hata sisi tunaweka sindano chini. Mteja akituletea picha ya gauni la kubana kifuani lililomwagika chini kwa vipande vingi, na akaliita Anarkali, huwa tunamuuliza kama anamjua Anarkali mwenyewe. Hamjui. Ni yule mcheza ngoma wa filamu hii.

Bibi wa huku alipenda moja tu, Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Alianza kuiangalia akiwa na zaidi ya miaka sabini. Nargis ni Radha, mke wa mkulima. Mama mkwe wake amekopa rupia 500 kwa ajili ya harusi, na kwa kuwa hakujua kusoma alichokiwekea alama, wazee wa kijiji wanaamua kwamba robo tatu ya mavuno iende kwa mkopeshaji kila mwaka kama riba. Mume anapondwa mikono na jiwe, anaona aibu kulishwa, anaondoka usiku. Radha anajifunga jembe la ng'ombe mwenyewe na kuvuta. Bibi alipoliona hilo kwa mara ya kwanza hakulia. Alisema huyo ni mtu wa huku, na akataka kujua anaitwa nani na ni wa kijiji gani. Tukamwambia ni Mhindi. Akasema, "Na wakati wa njaa sisi tulikuwa nani?"

Mpaka leo filamu hiyo tunaionyesha kwa wanawake wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hasa wale waliokwisha kuguswa na mikopo ya kausha damu. Hatuhubiri. Ikifika pale mkopeshaji anapofungua daftari, sebule inakuwa kimya, na chai inapoa. Mmoja alituambia baadaye kwamba yeye daftari lake liko kwenye simu, lakini ni lile lile.

Sasa ule usiku.

Ilikuwa mwaka 2018, baada ya mavuno ya alizeti. Mmoja wetu alikuwa amerudishwa nyumbani na mumewe, ana mimba ya miezi mitano. Hatutasema ni yupi kati yetu watatu, tumekubaliana hivyo, na ukoo wa upande wa pili nao tunauhifadhi. Alikuwa amekwenda kununua vitenge, basi likaharibika njiani, abiria wote wakalala pale barabarani mpaka asubuhi. Maneno yakafika kabla yake. Alipofika mlangoni sanduku lake lilikuwa nje. Zikapita wiki saba. Upande wa mume wakatuma ujumbe kwamba atapokelewa akija kula yamini mbele ya wazee wao kuwa mimba ni ya mumewe. Baba, kwa kutaka mambo yaishe, alielekea kukubali. Mama alinyamaza, kwa sababu mama wa binti akisema sana huambiwa ndiye aliyemlea vibaya. Na sisi wawili tulinyamaza kwa sababu Baba amenyamaza. Nyumba ilikuwa inasikika vijiko tu.

Jumamosi hiyo Mama alichagua Awara. Mpaka leo anasema aliichukua ile iliyokuwa juu. Sisi hatuamini.

Kwa ambao hamjaiona: Raj Kapoor aliitengeneza mwaka 1951, ikapendwa hapa kwetu, Urusi, Uturuki na China. Watu wanakumbuka kofia yake na wimbo wake wa kuzurura. Lakini kisa chenyewe kinaanza na mwanamke. Hakimu Raghunath, mtu wa heshima, mkewe anatekwa na jambazi. Jambazi anagundua mwanamke ni mjamzito, anamrudisha baada ya siku nne, kwa hesabu zake mwenyewe za kumkomoa hakimu, maana anajua maneno ya watu yatamaliza kazi. Na kweli, nyumbani wanaanza kunong'ona, hakimu anasikiliza, na usiku wa mvua anamfukuza mke wake. Mtoto anazaliwa njiani kwenye maji. Anayeigiza hakimu ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor mwenyewe.

Tulifika kwenye mvua. Mwenzetu alikuwa anashonea vifungo vya shati la shule, na tuliona mikono yake imesimama. Mama akachukua rimoti akasimamisha. Hakusema kitu. Picha imeganda, mwanamke yuko nje ya mlango.

Sauti ya Baba ikatoka koridoni, alikokuwa amekaa na redio yake. Kumbe redio ilikuwa imezimwa.

"Huyo mwanamke alikaa huko siku ngapi?"

Mama akajibu, "Siku nne, baba watoto."

"Na huyu wetu?"

"Usiku mmoja. Na basi zima la watu."

Kimya. Halafu akasema, "Endelea." Akaja akakaa kwenye kigoda mlangoni, na hakuondoka mpaka mwisho, na filamu ile ni karibu saa tatu. Yule mtoto wa mvua amekuwa kijana wa jela, yuko kizimbani, na Rita, wakili mwanamke, Nargis huyo huyo, anamsimamisha hakimu na kumuuliza mbele ya watu kwa nini alimfukuza mke wake. Mwaka 1951, wakili mwanamke! Hakimu hana la kujibu.

Hatusemi filamu ndiyo iliyofanya. Baba ni mtu wa dini, na alichowaambia wazee wa upande wa pili wiki iliyofuata hakikutoka Bombay. Aliwaambia kwamba katika Suratun Nur anayemsingizia mwanamke aliyejihifadhi hutakiwa kuleta mashahidi wanne, na asipowaleta yeye ndiye mwenye kosa. Binti yake hatakula yamini kwa sababu hakuna aliyeleta hata shahidi mmoja. Aya hiyo alikuwa akiijua tangu kabla sisi hatujazaliwa. Lakini wiki saba zilipita haijatoka kinywani mwake, na ilitoka baada ya Jumamosi ile.

Mtoto alizaliwa salama. Mumewe alikuja na mjomba wake baada ya arobaini kuomba radhi. Yaliyofuata ni ya wenyewe wawili.

Mtoto huyo sasa yuko shule ya msingi na ndiye anayekwenda kujaza flashi. Anajua kutafuta "Awara" na "Awaara" kwa sababu kijana wa stendi huandika vyovyote. Hajui kwa nini bibi yake huwa anamtuma jikoni kuleta karanga ikikaribia ile mvua. Baba naye hajabadilika, bado anasema sinema za Mama ni ndefu mno na watu wanaimba wakati wa shida. Anakaa koridoni na redio yake. Ila amempa mjukuu wake agizo, kwamba mahakama ikianza aitwe.